Jagi la Maji Nyuma ya Bajaji

“Ne yaptım?”

Nilikuwa nayajua maneno hayo. Yalikuwa kwenye daftari langu la Kituruki, ukurasa wa tatu, kwa wino wa bluu, na mbele yake nilikuwa nimeandika: nimefanya nini? Jirani yetu aliniuliza hivyo akiwa amesimama mbele ya geti letu Mjimwema, Songea, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, jagi tupu la njano mkononi, vumbi la barabarani limegeuka tope miguuni pake. Kwa miezi minne nilikuwa nikijigamba kwa kila mtu kwamba najifunza lugha yake. Siku hiyo aliniuliza swali jepesi kuliko yote, na sikuweza kulijibu.

Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, labda alimzidi kidogo. Mumewe alikuwa mhandisi katika kampuni ya Kituruki iliyojenga barabara upande wa Tunduru, na walikuwa wamepanga nyumba inayotazamana na yetu. Mume aliondoka kila Jumatatu alfajiri kwenda kambini, akarudi kila Ijumaa. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa yule mama alibaki peke yake na mlinzi, ua lake la nyanya, na nyumba yenye madirisha kumi na moja yasiyo na mapazia.

Mapazia ndiyo yaliyotukutanisha. Mama yangu ni fundi cherehani, ana kibanda Majengo, na alinituma mimi nikapime madirisha.

“Nenda wewe mwenye Kiingereza,” alisema.

Yule mama hakuwa na Kiingereza hata cha salamu. Tukaiachia simu itutafsirie, na simu ikaniambia kwa sauti ya mashine kwamba dirisha la jikoni lilikuwa na njaa. Tulicheka mpaka nikasahau vipimo. Nilirudi kesho yake kupima tena, na keshokutwa nikarudi bila futi.

Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili nyuma. Nilirudi Songea na cheti ndani ya bahasha ya kaki na tabia ya kuuliza kwa nini. Kwa nini mwanamke apige goti kumsalimia shemeji yake? Kwa nini mgeni ale kabla ya mtoto mwenye njaa? Mama alizoea kuniuliza, “Hivi hiyo digrii ilikuwa ya maswali tu?” Kazi sikupata. Nilijiambia kwamba nikijua Kituruki, pengine ofisi ya kampuni pale mjini itanichukua. Huo ulikuwa uongo mdogo. Ukweli ni kwamba nilichoshwa, na nyumba ile ilikuwa na kitu kipya kila siku.

Kwanza nyusi. Nilimuuliza kama anataka nimletee maji, akanyanyua nyusi. Kwetu mtu akinyanyua nyusi amekubali. Nikaleta. Akanyanyua tena, sasa na kidevu, na akatoa mlio kwa ulimi. Niliganda. Amenisonya? Mtu mzima huyu, nyumbani kwake, amenisonya mimi niliyemletea maji? Nilichukua begi niondoke. Alinikimbilia mlangoni, akashika simu, na simu ikasema: hapana, kwetu hii ni hapana tu. Nilikaa chini. Kumbe uso wa mtu unaweza kusema kinyume cha vile ninavyousoma, na bado ukasema kwa wema kabisa.

Halafu chai. Glasi ndogo zenye kiuno, chai nyeusi, sukari pembeni. Kila nilipomaliza alijaza. Nilijua adabu: ukikaribishwa usikatae. Nilikunywa ya tano, ya sita, tumbo likawa ngoma. Ya saba ndipo alipochukua kijiko changu, akakilaza juu ya mdomo wa glasi, akacheka hadi akajifuta machozi. Kijiko kikilala juu ya glasi maana yake nimetosheka. Angeniambia mapema! Lakini naye aliona ni kitu ambacho kila mtu duniani anakijua.

Alinifunza maneno ya kila tukio. Ukimkuta mtu anafanya kazi unamwambia kolay gelsin, kazi ikuwie nyepesi. Hilo nililipokea haraka, lina undugu na pole yetu. Aliyepika unamwambia eline sağlık, unaiombea afya mikono yake. Mgonjwa, geçmiş olsun, yawe yamepita. Siku niliyotoka kusuka nywele alinipokea kwa sıhhatler olsun, akiniombea siha kwa sababu ya rasta! Nikamuuliza, sasa nywele zinahusu nini afya? Nani aliamua? Akanyanyua mabega. Nilimtaka aniite jina langu, akaendelea kuniita kızım, binti yangu. Mimi nilimwita teyze, jina wanalomwita mama mdogo, dada wa mama. Kulikuwa na neno moja alilonifunza mapema sana, na kwa kidole juu: ayıp. Ni aibu, haifai. Kuingia na viatu, ayıp. Kumpita mtu mzima bila salamu, ayıp. Kurudisha sahani ya jirani ikiwa tupu, ayıp kubwa. Hilo la sahani nilimwambia hata kwetu lipo, akapiga makofi kama nimefaulu mtihani.

Mama alikuwa na uvimbe shingoni. Ulikuwa umekaa miaka, akiufunika kwa kitambaa, na mwaka ule ukaanza kumbana pumzi. Daktari alisema ukatwe, na ukakatwe Dar es Salaam kwenye hospitali kubwa. Akasema pia, bila kumung'unya, kwamba mishipa ya sauti inapita hapo hapo. Anaweza kutoka salama akiwa hana sauti.

Kwa mtu mwingine pengine hilo lingekuwa jambo la pili. Mama yangu ni sauti ya tatu ya kwaya ya kigango tangu sijazaliwa. Anaimba akipiga cherehani, anaimba akichambua maharage, na akinuna anaimba kwa chini zaidi. Niliuliza maswali yangu yote, kwa daktari, kwa mtandao, kwa mama mwenyewe, mpaka akanikataza nisimsindikize.

“Wewe utabaki na kibanda,” alisema. “Ukienda huko utabishana na madaktari, wanifukuze wodini na shingo wazi.”

Mjomba, mdogo wake, ndiye angemsindikiza. Bibi, mama yake mama, alikuja kutoka kijijini siku tatu kabla ya safari, na kikapu cha maparachichi na rozari shingoni.

Teyze alivuka barabara kuja kumsalimu. Nilikuwa nimemwandaa bibi: mgeni huyu ana mila zake. Sikumwandaa vya kutosha. Teyze aliinama, akamshika bibi mkono, akaubusu, kisha akauinua na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Bibi aliunyakua mkono kama ameungua.

“Wee! Mimi si askofu!”

“Bibi, ni heshima. Ndiyo shikamoo yao.”

“Shikamoo ya mate?” Aliutazama mkono juu na chini. “Mwambie marahaba. Lakini asirudie.”

Mama alikuwa pale, ameshika kitambaa cha shingoni, akicheka kicheko chake kizima. Ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi la wiki ile, kwamba nilikuwa nakisikiliza kile kicheko kama mtu anayehesabu akiba. Mama na teyze walikuwa na namna yao. Hawakuwa na maneno hata kumi ya pamoja, ila mama alikuwa akienda kwake jioni kabla ya kufunga kuku, wanakaa barazani, huyu anaongea Kiswahili, yule Kituruki, hakuna anayesubiri kueleweka. Nilipojitolea kuwatafsiria mama aliniambia, “Kaa kwanza, unatuchelewesha.” Niliona ni mchezo. Mimi ndiye niliyekuwa na daftari.

Siku ya safari bajaji ilifika kungali na ukungu. Mjomba aliingia kwanza na mabegi, mama akafuata, amejifunga masweta mawili. Bibi alimfanyia ishara ya msalaba usoni. Mimi sikusema la maana. Nilimwambia achaji simu. Bajaji ikageuka, ikaanza kushuka kuelekea stendi. Na hapo teyze akatoka nyuma yangu, akapita karibu aniguse bega, akiwa na jagi, akaenda katikati ya barabara na kumwaga maji yote nyuma ya bajaji. Aliyarusha kwa mkono mzima. Yalienda mbali, yakakaa ardhini yakimeta juu ya alama za matairi, kisha zile alama zikafutika.

Bibi alipiga ukelele.

Lazima nieleze. Bibi ametulea tukijua kwamba mtu akisafiri, nyumba haifagiliwi mpaka habari zifike kwamba amefika. Ukifagia unazoa nyayo zake. Maji ndiyo mabaya zaidi. Yeye anasema maji humwagwa mlangoni jeneza likishatoka, ili aliyekwenda asiijue tena njia. Sijui kama ni mila ya wote au ya nyumba ya bibi. Chuoni niliwahi kuandika kurasa ishirini za kuyacheka mambo haya, na nikapata alama nzuri.

“Amemfuta mwanangu!” Bibi alikuwa ameketi chini, palepale getini. “Amefuta nyayo za mwanangu, jamani, na wewe unaangalia!”

Sijawahi kushtuka vile, na kilichonishtua si bibi. Ni mimi. Nilikuwa tayari barabarani. Mimi nisiyeamini mwiko wowote, nilikuwa nimemkabili mwanamke aliyeweza kunizaa, kidole changu kiko mbele ya uso wake, na ninapiga kelele. Hakuna mtu anayemfokea mtu mzima hivyo Songea. Hakuna. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipoisha nikatafuta neno kali la kwake ambalo angelielewa. Nilikuwa nalo moja tu, alilonipa mwenyewe.

“Ayıp! Ayıp, teyze! Ayıp!”

Rangi ilimtoka usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja. Aliweka mkono kifuani.

“Ne yaptım?” aliuliza. Nimefanya nini?

Ningejibu nini? Kwamba bibi yangu anaamini umemuua mama yangu, na mimi siamini, lakini nimekufokea kama ninayeamini? Kwamba nimegundua sasa hivi, hapa barabarani, kuwa labda naamini? Hayo hayakuwa kwenye daftari, na hata Kiswahili cha kuyasema sikuwa nacho.

Teyze aligeuka. Akanyoosha mkono kule bajaji ilikoelekea. “Annen,” alisema, mama yako. “Annen...”

Nilidhani anataka kumsema mama yangu vibaya. Nilimwinua bibi, nikamwingiza ndani, nikafunga geti sentensi yake haijaisha.

Mchana nilikuta lile jagi la njano limewekwa juu ya nguzo ya geti, limegeuzwa mdomo chini. Majagi kama yale yako kila nyumba Songea. Mama anayo mawili. Nilidhani ameliacha ili kutuudhi. Nililitupa chini ya meza ya jikoni.

Siku zilizofuata zilikuwa za simu. Mama amefika. Mama amelazwa. Mama ameingia chumba cha upasuaji. Bibi hakula mpaka mjomba aliposema ametoka mzima. Nilisema, ehee bibi, si unaona. Lakini siku ya pili mjomba alisema mama anaandika kwenye karatasi. Ya tatu, bado anaandika. Sauti haijatoka. Bibi alinitazama, akatazama ng'ambo ya barabara.

Jioni ya siku hiyo mlinzi wa teyze alileta sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Zilikuwa dolma, majani yaliyoviringishwa na wali ndani, moja moja, kazi ya nusu siku. Bibi alikataa zisiingie ndani. Nilimpa mlinzi azile zote palepale, nikaiosha sahani, nikavuka mwenyewe, nikamkabidhi teyze ikiwa tupu na inang'aa.

Aliitazama sahani. Tulijua wote wawili nilichokuwa nafanya. Hakusema ayıp. Alisema, kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi, “Pole, mama mgonjwa,” akaibana sahani tumboni.

Nilivuka barabara nikijiambia nina haki, na nikijiuliza, haki gani.

Baada ya kama wiki moja nilimkuta dereva wa kampuni getini kwao, anasubiri kupakia mizigo ya mhandisi. Alikuwa mtu wa Nalasi, kofia ya kitambaa kichwani, mcheshi, ameishi na Waturuki wale kambini miaka mitatu. Nilimsalimu, na bila kupanga nikamuuliza: wenzako hawa, kwa nini wanamwagia mtu maji akisafiri?

Alicheka. “Ah, dada, wamekumwagia? Hiyo kwao ni dua. Wanasema nenda kama maji, urudi kama maji. Si unajua maji hayazuiliki? Yanapita tu. Mara ya kwanza mpishi wao ananimwagia, mimi naenda zangu Nalasi kuona korosho zangu, nikasema basi, leo nimefukuzwa kazi. Nikashuka kwenye gari kudai changu.” Alijipiga paja. “Alhamdulillahi, nimekwenda na kurudi mara ngapi sasa. Vipi, mbona umekaa chini?”

Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe. Nenda kama maji, urudi kama maji. Alikuwa amemwombea mama, na mimi nikamwita wa aibu mbele ya barabara nzima, kwa neno lake.

Mtu mwenye akili angevuka geti dakika ileile. Mimi nilikwenda kujiandaa. Niliandika msamaha kwenye daftari, özür dilerim na yote yanayofuata, nikaufuta, nikauandika kwa heshima zaidi, nikausemea mbele ya kioo. Siku tatu. Nilitaka usiwe na kosa hata moja, kana kwamba makosa yangu yalikuwa ya lugha. Siku ya tatu nilipika vitumbua, nikajaza sahani, nikavuka.

Mlinzi alikuwa anafagia ua. Madirisha yote kumi na moja yalikuwa wazi. Mapazia ya mama hayakuwepo.

“Wamehama jana,” alisema. “Mzee kapelekwa mradi mwingine, sijui mkoa gani, mara wanasema wataishia kwao. Yule mama alikuja kusimama hapo getini kwenu kitambo. Ulikuwa Majengo. Bibi yako hakufungua.”

Namba ya mumewe niliyokuwa nayo haikupatikana tena. Yeye mwenyewe hakuwa na ya hapa. Nilisimama na vitumbua vyangu vinapoa, nikawaza kwamba walipoondoka hakuna aliyewamwagia hata kikombe. Mlinzi akaniomba kimoja, nikampa sahani nzima.

Mama alirudi mwezi wa tisa na kovu jembamba kama mkufu. Sauti ilikuja taratibu, kwanza kama karatasi inayochanwa, halafu kama ya mtu aliyeamka, na kufikia Noeli aliimba, sauti ya tatu, akakohoa katikati na kuendelea. Nilijua ni kazi ya mkono wa daktari. Bado najua. Aliuliza jirani yuko wapi, nikamwambia wamehama, akasema, “Hata kuagana.” Bibi alitazama sakafu. Mimi nilikwenda jikoni. Hatukumwambia, wala yeye hakuuliza zaidi.

Ilipita zaidi ya mwaka. Nilikuwa nimepata kazi ya muda, ya kuingiza takwimu, na Jumamosi nilimsaidia mama kibandani. Siku moja mteja alileta kitambaa cha mapazia kinachofanana na kile cha teyze, na sijui ni rangi au ni nini, nikamweleza mama yote. Maji, bibi, kidole changu, ayıp, sahani tupu. Niliongea nikiwa nimeinamia pindo.

Cherehani ilinyamaza. Nilipoinua macho mama alikuwa ameweka mkono juu ya kovu.

“Ulimfokea?”

“Nilimfokea, mama. Sikujua.”

“Ulikuwa unalala,” alisema polepole. “Kila Jumatatu nikitoka kuja huku Majengo, wewe unalala mpaka saa mbili. Mimi nilikuwa namwona. Kila Jumatatu anammwagia mumewe maji nyuma ya gari, na kila Ijumaa mumewe yuleee, amerudi. Nikasema, hii ni nzuri. Jioni ile kabla ya safari nikampelekea jagi, nikaonesha maji, nikaonesha barabara, nikajionesha mimi.” Alijigusa kifua kwa kidole. “Akanyanyua nyusi, kama wanavyokataa wao. Hapana. Nikamwonesha tena. Hapana. Mara ya tatu nikamshikisha mkononi.”

Jagi lilikuwa letu. Mama ndiye aliyemwomba.